Likizo hii naenda Namibia peke yangu, kwa barabara kutoka Kigoma. Nianzie wapi: mchangani, baharini au kwa tembo?

#1 BintiGungu
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu hapa Kigoma mjini. Likizo yangu inayokuja sitaki kuimalizia Dar kwenye makochi ya shangazi. Nimeamua kwenda Namibia, peke yangu, kwa kuhama kituo hadi kituo.

Nasema mapema ili tubishane vizuri: kwa Mtanzania wa kipato cha kawaida anayetaka kuona sura nyingi za ardhi ndani ya nchi moja, Namibia inaizidi Dubai, na inaizidi hata Cape Town ambako kila mtu anakimbilia. Pasipoti yetu haihitaji viza kule. Magari wanaendesha kushoto kama huku. Nchi ina zaidi ya kilometa za mraba 820,000, na sensa yao ya 2023 ilihesabu watu milioni 3 tu. Humo ndani kuna jangwa linaloishia baharini, majabali, mbuga kubwa, halafu kule kaskazini mashariki kuna mito na viboko.

Mpango wangu: basi hadi Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, nivuke Zambia mpaka Livingstone, niingilie Katima Mulilo. Kisha hifadhi ya Etosha, majabali ya Damaraland, mji wa pwani wa Swakopmund, mchanga mwekundu wa Sossusvlei, nimalizie mji mkuu Windhoek na kurudi kwa ndege mfuko ukiruhusu.

Naomba kujuzwa: mpangilio huo uko sawa au niugeuze? Gari dogo linatosha au lazima 4x4? Na wanaosema mwanamke asisafiri peke yake, karibuni, ila njooni na sababu.

#2 Mgebuka
Kiti cha mbele. Ngoja waje wanaojua.

#3 MamaKatubuka
Mwanangu, peke yako? Ukiugua njiani nani anakushika mkono? Sikukatazi kutembea, ila tafuteni hata wawili watatu. Zanzibar hujaimaliza, Mahale uko nayo jirani na sidhani kama umefika. Haya yote ya nini?

#4 DerevaUvinza
Salaam. Dada, hiyo njia naijua kwa tairi. Nimevuta trela kutoka Tunduma hadi Walvis Bay miaka mingi.

Mpaka kwanza. Tunduma na Nakonde panachosha sababu ya foleni ya malori, lakini abiria wa basi anapita mapema. Lusaka hadi Livingstone mabasi yapo ya kutosha. Ukitoka Livingstone unakwenda Sesheke, unavuka daraja la Zambezi lililofunguliwa 2004 (kabla yake ilikuwa ni pantoni) na hapo uko Katima.

Sasa Katima usitegemee kupata gari la kukodi. Wakodishaji wengi wako Windhoek, wengine pwani kule Walvis Bay na Swakopmund. Kwa hiyo mpangilio wako unakatikia palepale. Panda basi moja kwa moja hadi Windhoek, kama kilometa 1,200, lami tupu. Kaa dirishani, maana baada ya Kongola barabara inakatiza hifadhi ya Bwabwata na tembo wanavuka wanavyotaka wao.

Kuhusu gari. Windhoek, Swakopmund, Etosha hadi getini, zote lami, gari dogo linafika. Ila Sossusvlei na Damaraland ni changarawe, na ndiyo sehemu kubwa ya barabara za nchi ile. Wanazichonga vizuri, zimenyooka, na hatari iko humo humo: mtu anajisahau, mshale unafika 110. Mbele kuna kona imejaa kokoto zilizolegea. Usukani unakuwa mwepesi mkononi ghafla, mkia wa gari unaanza kutafuta njia yake. Ukikanyaga breki hapo umekwisha. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa utulivu, acha gari lipungue lenyewe. Usizidi 80. Punguza upepo kidogo kwenye tairi. Omba spea mbili, na kabla hujaondoka kwa mwenye gari hakikisha jeki inapanda na spana inaingia kwenye nati kwa macho yako, usikubali kuambiwa "itaingia". Wageni wengi wanaoumia kule hawakugongana na mtu yeyote, wamepinduka wenyewe.

#5 KijanaMwandiga
Mimi sielewi. Kilometa zote hizo kwenda kuangalia mchanga? Dubai kuna mchanga na kuna maghorofa. Mchanga ni mchanga tu.

#6 Mwalimu_Jiografia
KijanaMwandiga #5, hapana. Mchanga wa jangwa la Namib umesafiri kuliko wewe na mimi. Sehemu kubwa ilitoka sehemu za ndani za Afrika Kusini na milima ya Lesotho, ikashushwa na mto Orange hadi Atlantiki, mkondo wa bahari ukausukuma kaskazini kandokando ya pwani, mawimbi yakautupa ufukweni, upepo ukaurudisha nchi kavu. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2013, na sababu mojawapo ni hiyo safari yake.

Halafu kuna ukungu. Pwani ile inapitiwa na mkondo wa Benguela, maji baridi kutoka kusini. Hewa iliyo juu ya maji hayo inapoa, haipandi vya kutosha kuleta mvua, badala yake inatengeneza ukungu unaoingia bara usiku na alfajiri. Ndiyo maana una jangwa lisilopata mvua, lakini asubuhi koti lako limelowa. Kuna mbawakawa wa kule anapanda juu ya tuta la mchanga alfajiri, anainamisha kichwa chini na kuinua makalio kuelekea upepo wa bahari. Ukungu unamgandia mgongoni, matone yanaungana, yanateremka hadi mdomoni. Anakunywa, anashuka. Mdudu huyo peke yake anatosha kumtoa mtu Kigoma.

Rangi nayo: karibu na bahari mchanga ni wa njano iliyofifia, ukiingia ndani unazidi kuwa mwekundu, kwa sababu chuma kilichomo kimepata muda mrefu zaidi wa kushika kutu.

#7 Unyanyembe
Mwangaluka toka Tabora. Mwalimu, ukungu nimekuelewa, ila kwenye rangi sikubali moja kwa moja. Chini ya yale matuta upande wa mashariki kuna mwamba wa mchanga wa kale zaidi ambao ni mwekundu tayari. Kama mchanga wa juu umemeguka humo, basi wekundu wake ni wa kurithi, umri wa safari hauhusiki.

#8 Mwalimu_Jiografia
Unyanyembe, hata huo mwamba chini ulikuwa mchanga wa jangwa zamani, na ulishika kutu vilevile. Tunarudi palepale.

#9 Unyanyembe
Haturudi palepale. Wewe unasema mchanga wa leo unazeeka njiani. Mimi nasema umechanganyika na mwingine. Ni vitu viwili.

#10 AsaliSikonge
Naomba niingie, maana mimi nimefika, na nilikwenda peke yangu. Nauza asali, nilikuwa na shughuli Lusaka, ilipoisha nikaona nisirudi Tabora na hamu.

BintiGungu, namuunga mkono DerevaUvinza kwamba uanzie Windhoek, lakini mimi nakushauri utoke hapo uende kaskazini kwanza, Etosha, halafu Damaraland, pwani, na Sossusvlei iwe ya mwisho. Ukianza na Sossusvlei kila kitu kinachofuata kitakuwa kidogo machoni.

Etosha lala Okaukuejo hata usiku mmoja. Kuna kisima cha wanyama kimewashwa taa usiku kucha, na wewe unakaa kwenye benchi nyuma ya ukuta mdogo wa mawe. Hakuna anayeongea. Faru mweusi alitokea gizani upande wa kushoto, akasimama kwenye ukingo wa mwanga kama anayesoma hali, kisha akaingia kunywa. Twiga walikuwa pale na walisogea kumpisha. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Na Windhoek usilale tu hotelini. Nenda Katutura, soko la Single Quarters, ukale kapana. Jamaa anakata vipande vya nyama ya ng'ombe juu ya chuma cha moto mbele yako, unaonyesha kidole, unaokota kipande kwa mkono, unachovya kwenye pilipili ya unga iliyochanganywa na chumvi, pembeni kuna nyanya na vitunguu. Unaonja kwanza ndipo unanunua. Nilijisikia niko nyumbani kuliko popote katika safari ile.

Baridi sasa. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa jangwani unakaribia sifuri, na Windhoek yenyewe iko juu zaidi ya mita 1,600. Koti la Kigoma halitoshi.

#11 Mgebuka
AsaliSikonge umeniua na hiyo nyama. Ila shemeji yetu BintiGungu angalieni asije akabaki kule na Mherero mwenye ng'ombe mia tatu.

#12 BintiGungu
Mgebuka, mia tatu tutazungumza. 😄

DerevaUvinza asante sana, nimeandika yote. AsaliSikonge dada, swali: pale Etosha uliendesha mwenyewe ndani ya hifadhi?

#13 AsaliSikonge
Ndiyo, mwenyewe. Barabara za ndani gari dogo linapita. Sheria ni mbili za kushika: hushuki nje ya gari isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, na jua likizama uwe umefika kambini, geti linafungwa. Na ukilipa kiingilio onyesha pasipoti, watu wa SADC tuna kiwango chetu, chini kuliko wa Ulaya. Dola yao ni sawa kwa sawa na randi ya Afrika Kusini na randi inapokelewa dukani, kwa hiyo ukipata randi Tunduma au Lusaka usiikimbie.

#14 MzeeWaStesheni
Vijana hamjambo. Nimefanya kazi reli hapa Kigoma mpaka nikastaafu, na nimefurahi kuona binti wa hapa anakwenda kule, kwa sababu hizo nchi mbili zilichorwa kwenye meza moja.

Reli ya kati ilifika hapa Kigoma mwaka 1914, Mjerumani akijenga. Kule Namibia, aliyokuwa akiiita Afrika ya Kusini Magharibi, mji wa Swakopmund ulianzishwa 1892 na jengo lake la stesheni ni la 1901. Sasa hivi ni hoteli. Binti ukifika simama mbele yake, kisha ukumbuke stesheni yetu. Ni mkono uleule.

Na hiyo sehemu nyembamba unayoingilia, ya Katima, iliitwa Caprivi mpaka 2013, jina la kansela wa Ujerumani. Sasa ni mkoa wa Zambezi. Imepatikana kwa mkataba wa Julai 1890, mkataba uleule uliohusu Zanzibar.

#15 Mgebuka
Shikamoo mzee. Kwa hiyo Mjerumani alimpa Mwingereza Zanzibar, akapewa Caprivi?

#16 Mwalimu_Jiografia
Hapana Mgebuka. Zanzibar haikuwahi kuwa ya Mjerumani hata aigawe. Ilikuwa na Sultani wake. Alichofanya Mjerumani ni kukubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Mwingereza na kuachia Witu kule pwani ya Kenya. Naye akapata kisiwa cha Heligoland Bahari ya Kaskazini na hiyo njia nyembamba ya kufika mto Zambezi.

#17 KijanaMwandiga
Njia nyembamba hivyo ya kufanyia nini? Nimeangalia ramani, inaonekana ni kidole kinachomwonyesha mtu.

#18 MzeeWaStesheni
Marahaba Mgebuka. KijanaMwandiga, tulivyoelezwa sisi ni kwamba alitaka kushuka na Zambezi kwa meli mpaka Bahari ya Hindi.

#19 Unyanyembe
Mzee wangu kwa heshima, meli ingeshukaje? Mbele ya Katima kuna maporomoko ya Victoria, zaidi ya mita 100 kwenda chini. Livingstone aliyaona 1855 na akaandika, ramani zilikuwepo. Siamini waliokaa mezani Berlin hawakujua. Mimi naona walitaka kusogea kuelekea huku kwetu, makoloni yao mawili yakaribiane.

#20 DerevaUvinza
Nyie wote mnatafuta hesabu kubwa. Mto ni maji, nchi ile yote ni kavu. Mtu yeyote akipewa nafasi ya kugusa mto usiokauka anachukua. Nimepita pale, najua ninachosema.

#21 Mwalimu_Jiografia
Na Mwingereza alitoa kwa urahisi kwa sababu haikumuuma, macho yake yalikuwa Zanzibar. Tusisahau upande huo. Ardhi hutolewa pia kwa sababu anayetoa hajali.

#22 Unyanyembe
Na wenye ardhi hawakuulizwa na yeyote kati ya hao wawili.

Kwa kuwa tumefika hapo, BintiGungu, usiende kule ukaona mchanga na faru peke yake. Kati ya 1904 na 1908 Wajerumani waliwaua Waherero na Wanama, wengine kwa risasi, wengine kwa kusukumwa jangwani kufa kwa kiu, wengine kwenye kambi kama ile ya Shark Island pale Lüderitz. Jenerali aliyetoa amri, von Trotha, kabla ya hapo aliwahi kutumwa huku Afrika Mashariki. Sisi wa Tabora tunaye Isike, mtemi aliyewapiga mpaka Januari 1893, na walipoingia bomani akajilipua na baruti kuliko kukamatwa. Namibia iliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya kumbukumbu ya mauaji hayo tarehe 28 Mei 2025. Swakopmund ni mji mzuri, una mikate na majengo ya kupendeza, lakini kuna makaburi ya Waherero pembeni ya mji, vilima vidogo vya mchanga visivyo na majina. Nenda na huko.

#23 BintiGungu
Unyanyembe, nimesoma mara mbili. Nitakwenda. Kama kuna mwanafunzi wangu ataniuliza nimeona nini, siwezi kumwambia matuta ya mchanga tu.

#24 NesiKasulu
Jioni njema. Mimi naongea afya, na nitamjibu na MamaKatubuka #3.

Mama, sababu ya kuugua njiani ni ya kweli, ila dawa yake ni maandalizi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, mipakani wanaweza kuiuliza. Malaria ipo kaskazini, huko Zambezi, Kavango, na Etosha wakati wa mvua. Pwani na kusini haipo. Kwa hiyo dalili za homa ukiwa Swakopmund usizipuuze ukasema ni baridi ya bahari: umetoka Kigoma na umepita Katima, pima. Maji weka ndani ya gari lita za kutosha hata kama safari ni fupi, kwa sababu gari likizima huko unaweza kukaa saa nyingi bila kuona mtu. Ukikwama usiondoke kwenye gari. Gari lina kivuli na linaonekana kwa mbali, mtu anayetembea haonekani.

Kuhusu mwanamke peke yake: Windhoek mjini usitembee usiku kwa miguu, simu usiishike mkononi barabarani, gari usiache begi linaonekana dirishani. Ni yaleyale ya Kariakoo. Vijijini na kambini nimesikia kwa wengi kwamba watu wana ukarimu. Na nchi ile rais wake tangu Machi 2025 ni mwanamke, Netumbo Nandi-Ndaitwah, ambaye kuanzia 1980 hadi 1986 alikuwa Dar es Salaam akiiwakilisha SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia. Alikaa mbali na kwao na alikuwa na kazi.

#25 MamaKatubuka
NesiKasulu nimekuelewa kwenye maandalizi. Ila yeye alikuwa na chama nyuma yake, huyu ana begi. Sijabadili msimamo, nasema tu namwombea.

#26 MzeeWaStesheni
Nesi umenikumbusha. Hiyo njia ya Mbeya ndiyo waliyojia wapigania uhuru wa Namibia. Sam Nujoma, aliyekuja kuwa rais wao wa kwanza, alifika Tanganyika mwaka 1960 akitokea huko, na wapigania uhuru wao walikuwa na kambi Kongwa, Dodoma. Binti anairudia njia kwa upande wa pili. Akifika akisema ametoka Tanzania, wazee wa kule watamsikiliza.

#27 Mgebuka
Wakuu samahani nawatoa nje kidogo. Nimeingia kuangalia picha za Namib toka juu, nimeona maduara maelfu na maelfu kwenye nyasi, katikati ya kila duara ni udongo mtupu, na yamepangana kama mtu kapima kwa kamba. Ni nini kile?

#28 Mwalimu_Jiografia
Hayo ni mambo yanayogombanisha wanasayansi mpaka leo. Upana kwa kawaida ni kati ya mita 2 na 12 hivi. Mwaka 2013 Norbert Juergens, Mjerumani, aliandika kwamba ni kazi ya mchwa wa mchangani: wanakula mizizi, nyasi zinakufa katikati, mvua ikinyesha maji yanazama na kubaki chini pale kwa sababu hakuna mmea wa kuyanyonya. Mchwa wanaishi kwenye akiba hiyo, na nyasi za ukingoni nazo zinanufaika.

#29 AsaliSikonge
Mimi niliingia ndani ya moja. Ukingo wake nyasi ni ndefu kuliko za nje, na katikati udongo umelainika. Mchwa sikuwaona.

#30 Unyanyembe
Kutowaona siyo ushahidi, wanakaa chini. Lakini kuna kundi lingine, Stephan Getzin na wenzake, wao wanasema mchwa hawahusiki. Mwaka 2022 walitoa utafiti: walifuatilia nyasi baada ya mvua, zile za ndani ya duara zikafa haraka na mizizi haikuwa imeliwa. Maelezo yao ni kwamba nyasi za ukingoni zinavuta maji yote kuelekea kwao, za katikati zinakosa. Mimea inajipanga yenyewe kwa kugombea maji.

#31 KijanaMwandiga
Na mpangilio ule wa kamba?

#32 Unyanyembe
Ndiyo hoja yao yenyewe. Kila duara linahitaji eneo lake la kuvuta maji, kwa hiyo yanaachiana nafasi.

#33 Mwalimu_Jiografia
Na wa mchwa nao wanajibu vilevile: kila kundi la mchwa lina mipaka, likikutana na jirani wanapigana, kwa hiyo makundi yanaachiana nafasi. Mwaka 2017 wakatokea wengine wakasema huenda vyote viwili vinafanya kazi pamoja, mchwa kwa maduara makubwa na mimea kwa mpangilio mdogo wa nyasi zilizo kati ya duara na duara.

#34 MzeeWaStesheni
Wahimba, wenyeji wa kule, wanasema ni nyayo za Mukuru, mungu wao. Wao wamekaa pale kabla ya wote mliowataja.

#35 DerevaUvinza
Mimi nimekulia Uvinza, mchwa nawajua. Mchwa akila shamba, anakula ovyo, hapimi duara. Niko na upande wa maji.

#36 Unyanyembe
DerevaUvinza, mchwa wa Uvinza anajenga kichuguu, wa kule hajengi. Siyo mchwa mmoja.

#37 BintiGungu
Nafuatilia yote, na sasa maduara nayo yameingia kwenye orodha. Nimepanga upya hivi: Kigoma, Tunduma, Lusaka, Katima, basi moja kwa moja Windhoek. Nachukua gari la 4x4 lenye hema juu. Sossusvlei kwanza, kisha Swakopmund na Walvis Bay kuona heroe, Cape Cross kwa sili, majabali ya Spitzkoppe, Twyfelfontein kwenye michoro ya mawe, Etosha, narudisha gari Windhoek. Pale Sossusvlei nilale ndani ya geti au nje?

#38 DerevaUvinza
Ndani, pale Sesriem. Aliyelala ndani anaruhusiwa kuondoka kabla ya jua, wa nje anasubiri lichomoze ndipo geti lifunguliwe. Kutoka hapo ni kilometa 60 za lami, kisha 5 za mchanga. Hizo 5 za mwisho ndizo zinazomeza magari. Toa upepo, weka 4x4 kabla hujaingia, usisimame katikati. Ukiona moyo unasita, paki, kuna magari ya kupeleka watu.

#39 AsaliSikonge
Na ukifika, watu wote watakimbilia kupanda lile tuta la 45, ambalo halina ajabu kuliko mengine.

#40 KijanaMwandiga
Kumbe yamehesabiwa? Yapo mangapi mpaka hilo likawa la 45?

#41 AsaliSikonge
Halikuhesabiwa. Liko kilometa ya 45 toka Sesriem, basi. Dada, nguvu zako zitunze kwa Deadvlei. Ni bonde la udongo mweupe lililopasuka, limezungukwa na matuta mekundu, na katikati miti mikavu myeusi imesimama. Ilikufa miaka 600 au 700 iliyopita, matuta yalipoziba mto Tsauchab usifike. Hewa ni kavu mno, haiozi. Ukiigusa, gamba lake ni gumu na lina joto hata asubuhi. Usiiegemee wala kuivunja, haitaota mingine.

Bado nasema Sossusvlei iwe mwisho.

#42 Mwalimu_Jiografia
Napingana na wewe AsaliSikonge. Akiwa anasafiri mwezi wa saba au wa nane, kiangazi cha Etosha kinazidi kukaza kila wiki, na wanyama wanazidi kusogea visimani. Kila siku anayochelewa kufika Etosha inamfaidisha. Mchanga haukimbii.

#43 DerevaUvinza
Na mimi naangalia gari. Changarawe mbaya zaidi iko kati ya Sossusvlei na pwani na ile ya Damaraland. Aifanye akiwa bado ana nguvu na tairi ni nzima, Etosha iwe ya kupumzika. Mafuta jaza kila unapoona pampu hata kama tenki lina nusu: Solitaire jaza, Khorixas jaza.

#44 KijanaMwandiga
Wakuu, nauliza kwa dhati kabisa sasa. Mimi sina leseni. Naweza kuona sehemu hizo bila kuendesha?

#45 DerevaUvinza
Unaweza. Windhoek na Swakopmund kuna wanaochukua watu wachache kwa gari moja, mnachangia, wanapiga Sossusvlei na Etosha na kulala kambini. Ni ghali kuliko basi, rahisi kuliko kukodi gari peke yako. Teksi za pamoja zipo kati ya miji, lakini kwenye mchanga hazifiki. Anza kwa kutafuta pasipoti, mengine uliza hapa.